Kushoto kwa Dereva

Nilianza na sakafu. Banda lililo nyuma ya nyumba yangu lilikuwa na saruji ya zamani iliyoinama sentimita nne kutoka ukuta wa ndani hadi mlangoni, na gari lililopandishwa kwenye stendi juu ya sakafu ya namna hiyo linasubiri tu siku ya kumwangukia mtu. Nilivunja saruji yote, nikamwaga mpya, nikaisawazisha kwa ubao mrefu na pimamaji, kisha nikaimwagilia siku saba kabla ya kuruhusu hata kiti kiwekwe juu yake. Kila asubuhi mke wangu alichungulia mlangoni kuuliza mgonjwa ameamkaje.

Baada ya sakafu nikajenga meza ya kazi. Urefu wake niliupima kwa kiwiko changu, kwa sababu atakayeinama hapo ni mimi. Nikafunga jiliwa la kubania vyuma karibu na dirisha, nikatundika taa mbili ndefu darini, nikaweka kizimamoto mahali ambapo mkono ungekifikia bila kulizunguka gari. Rafuni nikapanga makopo mia na ishirini ya maziwa ya unga, yameoshwa na kukaushwa, kila moja na lebo yake tupu. Mwisho nikabandika ukutani karatasi yenye kanuni nne. Tatu zilihusu usafi na usalama. Ya kwanza ilisema: Kushoto ni kushoto kwa dereva aliyeketi.

Kanuni hiyo inaonekana ya kitoto. Lakini gari lina pande mbili zinazofanana kama mapacha, na neno "kushoto" likiachwa huru humfuata kila mtu pale anaposimama. Ukifungua gari zima vipande elfu mbili, kisha ukirudi baada ya miezi kumi kuviunganisha, lebo ndiyo kumbukumbu yako. Nami kazi yangu ni kukagua mizani na vipimo. Miaka ishirini na sita nimekuwa yule mtu ambaye muuza nyama akimwona anaingia huondoa kidole kwenye sahani ya mizani. Siamini macho ya mtu, yangu yakiwemo, mpaka yawe yamelinganishwa na kitu kisichobadilika.

Gari lenyewe lilikuwa la baba. Ni gari la spoti la zamani, milango miwili, pua ndefu, rangi ya kijani iliyokolea, na viti vya chini kiasi kwamba mtu mzima huingia kwa kujirusha. Lilikaa miaka thelathini na moja kwenye banda la mama chini ya turubai. Hakuna aliyeliwasha. Hakuna aliyeliuza pia, na sababu ya yote mawili ni moja.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nikisubiri kwenda chuo, baba aliniruhusu kubadilisha bomba la breki la gurudumu la mbele kushoto, lililokuwa limeanza kuota kutu. Niliifanya kazi hiyo peke yangu, na ndiyo sehemu pekee ya gari lile niliyowahi kuigusa kwa spana. Siku mbili baadaye, mchana kweupe, gari likaacha barabara kwenye kona na kugonga ukingo wa daraja dogo. Baba alivunjika nyonga na goti. Kaka yangu, ambaye ni fundi bodi na wakati ule alikuwa amefungua gereji yake kwa miezi minne tu, alikwenda kulivuta gari, akakaa nalo wiki tatu akinyoosha bati, kisha akalirudisha nyumbani na habari. Aliitoa habari hiyo mezani, mbele ya mama, kwa sauti ya chini, bila kuniangalia. Nati ya bomba la breki la kushoto ilikuwa haikukazwa. Mafuta ya breki yalivuja, pedali ikashuka hadi sakafuni. Katika magari ya zamani kama lile bomba moja likivuja magurudumu yote manne yanakosa breki. Hilo nililijua. Nikakubali.

Baba aliishi miaka kumi na miwili baada ya hapo, akitembea kwa fimbo. Hakunilaumu hata siku moja. Ila hakuniruhusu tena kumfanyia kitu chochote cha mikono. Siku moja kiti chake kililegea mguu, nikaja na bisibisi, akaniambia kwa upole niache, kaka yako atapita. Alikaa siku nne juu ya kiti kinachoyumba akimsubiri kaka. Nilihesabu. Kuanzia hapo niliacha kushika spana, nikaingia kwenye kazi ambayo mtu hukagua vya wengine na hatengenezi chochote.

Kwa hiyo nilipomwomba mama gari mwaka huu, nilijua ninachoomba. Nilitaka nilifungue na kulifunga upya kwa mikono yangu, kila nati, kisha nimpandishe mama nimzungushe mjini, naye ashuke mzima. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia ni hasara gari kuoza. Mama ana miaka sabini na minane na hapotezi maneno.

"Lichukue," akasema. "Lakini breki akukagulie kaka yako."

Alilisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake dawa. Hakukusudia kuumiza, na ndiyo maana liliumiza.

Kaka alifurahi, au nilidhani amefurahi. Alilileta gari kwa lori lake la kuvutia, akaisifu sakafu yangu kwa kuipigapiga kisigino, akasema hospitali nyingi hazina sakafu ya hivi. Alizunguka bandani akisoma lebo tupu na kucheka. Mbele ya karatasi ya kanuni akasimama.

"Kushoto kwa dereva aliyeketi. Mdogo wangu, mimi ninasimama mbele ya gari, linaniangalia nami naliangalia. Miaka yote hii. Mkono wangu wa kushoto ndio kushoto."

"Na wateja wako?"

"Mteja anaonyesha kwa kidole. Anasema hapa pamebonyea. Hajawahi kuniletea dira."

Nilimwambia humu ndani tutafuata karatasi. Akapiga saluti. Tukanywa chai, na mke wangu akamuuliza shemeji yake kama ni kweli kwamba fundi bodi akiona jambo lolote limepinda hawezi kulala. Akasema ni kweli, na kwamba hata dada zake mke wangu wakimletea miguu yao atainyoosha. Kicheko kilipotulia nikamweleza mpango wangu. Jumamosi ningeanza na breki ya mbele kushoto. Nilitaka kuiona nati ile kwa macho yangu, nijue ilibaki mizunguko mingapi.

Kaka aliweka kikombe chini. Akasema hakuna faida ya kufukua. Akasema aniachie yeye sehemu yote ya mbele, nianze na viti na nyaya. Nikamshukuru, nikamwambia hapana. Niliyachukulia maneno yake kuwa huruma, kama nilivyokuwa nimeuchukulia ukimya wake mmoja wa tangu zamani. Kabla ya ajali kaka alikuwa ananiita Fundi Kucha. Tangu ajali hajaniita hivyo tena, na miaka yote hii nilidhani ananihurumia.

Jina hilo lina maelezo. Nilipokuwa kijana nilisoma kwenye kitabu kwamba mafundi wa ndege, wakishakaza nati, huchora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma inapokalia. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na kila mtu anaona. Sikuwa na rangi ya mafundi wa ndege. Nilikuwa na chupa ya rangi ya kucha niliyoikuta bafuni, nyekundu ya damu ya mzee. Niliitumia kwenye baiskeli, kwenye bawaba za milango, kwenye pampu ya kisima. Kaka alicheka hadi akakaa chini. Akanibatiza.

Alhamisi ile nilikuwa kazini, nikipima pampu za kituo kimoja cha mafuta. Kaka alikuja nyumbani. Mke wangu alimfungulia, akampa ovaroli yangu, akamwacha bandani saa tatu nzima. Aliniambia jioni, akiwa amefurahi kwa niaba yangu, kwamba shemeji amenipunguzia kazi chafu. Kaka mwenyewe alipiga simu.

"Nimekusafishia mbele kushoto kote," akasema. "Bomba, nati, kila kitu nimeloweka kwenye petroli na kupiga brashi ya waya. Jumamosi wewe ni kufunga tu."

Nilikasirika, lakini kwa kiasi. Ushahidi wangu, niliodhani ni ushahidi dhidi yangu, ulikuwa umeoshwa. Kwa upande mwingine, hakuna mwaka unaopita ambao kaka hajamfanyia mtu jambo jema bila kuombwa. Nilikwenda bandani kabla jua halijazama. Juu ya meza palikuwa na bomba la breki linalong'aa, nati mbili na vibanio vyake, vimepangwa juu ya gazeti, na lebo kwa mwandiko wake mkubwa: MBELE KUSHOTO.

Nikaenda kwenye gari. Upande wa kushoto hakuna aliyekuwa ameugusa. Grisi na vumbi la miaka vilikuwa pale pale, vigumu kama ganda la mti. Kilichosafishwa kilikuwa upande wa kulia.

Alisimama mbele ya gari, likimwangalia naye akiliangalia. Mkono wake wa kushoto.

Nilicheka peke yangu. Nikachukua kalamu, nikakata neno KUSHOTO kwenye lebo yake na kuandika KULIA juu yake. Kisha nikachukua taa ya mkono, kitambaa na kijiti cha mbao, nikalala chini ya gari upande wa kushoto halisi, na kuanza kulikwangua ganda taratibu kuzunguka nati yangu.

Mstari ulikuwepo. Urefu milimita kumi na moja, upana karibu mbili, nyekundu. Ulianzia kwenye bapa la nati, ukavuka ukingo, ukaishia kwenye chuma cha breki. Haukuwa umekatika. Nilileta lenzi ninayosomea mizani midogo ya maduka ya dhahabu, nikaangalia tena pale mstari unapovuka ukingo. Hapakuwa na ufa wala kuhama hata kwa upana wa unywele.

Nati haikuwahi kuzunguka. Huo ulikuwa ukweli wa kwanza. Nilibaki nimelala pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Ukweli wa pili ulihitaji jaribio. Inawezekana nati isizunguke na bado mafuta yakavuja. Lakini mafuta ya breki hula rangi, kila fundi anajua hilo. Kama yangevuja pale, mstari usingebaki. Swali lilikuwa kama yanakula pia rangi ya kucha. Nilimwomba mke wangu chupa yake. Akaniuliza kama mambo yamefika huku. Nikachora mstari kwenye nati ya zamani, nikauacha ukauke usiku kucha, na asubuhi nikadondoshea tone la mafuta ya breki. Nilitazama saa. Dakika ya kumi na nane mstari ulianza kukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Dakika ya ishirini na sita niliufuta kwa kidole ukaondoka wote.

Nilirudia mara mbili, kwa nati nyingine. Dakika zilitofautiana kidogo. Matokeo hayakutofautiana.

Kwa hiyo breki yangu haikulegea na haikuvuja. Kaka alikuwa amesema uongo, ama amekosea. Nilitaka awe amekosea. Mtu anaweza kuona umajimaji chini ya gari lililogonga akadhani ni breki. Lakini mtu aliyekosea haji Alhamisi, siku mbili kabla, kuosha kitu ambacho mdogo wake amesema anataka kukiona.

Kilichobaki ni kujua gari liliacha barabara kwa sababu gani. Hapo nilisaidiwa na kaka mwenyewe. Katika kusafisha alichodhani ni kushoto, alikuwa ameosha pia tairodi ya kulia, ile fimbo fupi ya chuma inayopeleka mgeuko wa usukani kwenye gurudumu. Chini ya uchafu zingefanana. Sasa moja ilikuwa inang'aa. Niliisafisha na ya kushoto, nikazitoa zote mbili, nikaziweka mezani juu ya kitambaa cheupe.

Ya kushoto ilikuwa na muhuri wa kiwanda kilichotengeneza gari, herufi mbili ndani ya duara. Ya kulia haikuwa na muhuri. Ilikuwa nyembamba kwa milimita moja na nusu, na ilikuwa imekatwa na kuongezewa nyuzi za skrubu ili ifikie urefu. Ilitoka kwenye gari lingine, dogo, la mizigo. Mtu aliibadilisha, na tangu mtu huyo alipolirudisha gari nyumbani hakuna aliyeligusa tena.

Jumamosi ilikuwa siku ya mama kuja kuona gereji. Kaka alimleta kwa pikapu yake saa nne asubuhi. Mama akakaa ndani na mke wangu kwanza, apumzike. Kaka alikuja moja kwa moja bandani akiwa amekunja mikono ya shati. Aliona kitambaa cheupe na fimbo mbili juu yake, kila moja na lebo.

"Hii ni nini, mahakama?"

"Ni meza."

Alisogea. Fundi mzuri hahitaji kuambiwa anaangalia nini. Aligusa ile nyembamba kwa kidole kimoja, akakirudisha kidole. Kisha akaangalia gari, akaniangalia mimi, akaangalia karatasi ukutani, na nikaona anageuza mikono yake kidogo tu, kushoto, kulia, kama mtoto anayejifunza.

"Nilitafuta ile rangi yako," akasema. "Niliangalia nati vizuri kabla sijailoweka. Sikuiona. Nikasema imekufa na miaka."

"Iko upande wa pili."

Akavuta kiti, akakaa. Sikuwa na haja ya kumuuliza mengi. Alieleza kwa mpangilio, na naandika hapa kama alivyoeleza. Wiki mbili kabla ya ajali alikuwa amelichukua gari bila ruhusa, akamwonyesha msichana aliyekuja kuwa mke wake namna linavyokimbia. Akapanda ukingo wa barabara. Tairodi ya kulia ikapinda. Hakutaka baba ajue, na tairodi mpya ya gari lile ilikuwa haipatikani hata kwa kuagiza. Akafanya anachokijua. Aliitoa, akaipasha kwa moto wa gesi hadi ikawa nyekundu, akainyoosha kwa nyundo juu ya fuawe, akaipaka rangi nyeusi. Ilinyooka kabisa. Alijivunia.

Bati la bodi ukilipasha moto linakutii, na halikuwekei kinyongo. Chuma cha usukani sivyo. Hupewa ugumu wake kiwandani, na ukikitia moto ule wa gereji unaiacha sura na kuondoa kilichokuwa ndani. Fundi wa injini angelijua hilo. Fundi wa breki angelijua. Kaka alikuwa fundi bodi, na kwake kitu kilichopinda kilikuwa na tiba moja. Ilikatika kwenye kona, na katika zile wiki tatu za kunyoosha bati akaweka ile nyembamba mahali pake.

"Ungesema," nikamwambia.

"Kwa nani? Gereji ilikuwa na miezi minne. Nani angeniletea gari lake, mimi niliyemvunja baba yangu nyonga?"

"Kwa hiyo ukanipa mimi."

"Wewe ulikuwa unaenda chuo." Alilisema kama jambo lililojadiliwa na kukubaliwa. "Hukuwa na mteja hata mmoja wa kumpoteza. Nilisema utakwenda, utasoma, utasahau. Na umefika mbali, mdogo wangu. Angalia nyumba yako."

Nilimwambia baba alikufa akiamini kwamba mimi ndiye niliyemlemaza. Nilimwambia kuhusu kiti, siku nne. Kaka alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akakiinua, na usoni mwake niliona jambo ambalo sikulitegemea. Alikuwa ananishangaa.

"Wewe ni mtu wa ushahidi," akasema. "Sasa niambie. Nani alikuwa anaendesha?"

Niligeuza macho kwenye kiti cha dereva.

"Baba ndiye aliyeshika usukani. Mtu ambaye usukani unazunguka bure mikononi mwake anahitaji kuambiwa na nani kwamba si breki? Aliniuliza hospitalini, siku ya pili, mama alipotoka kwenda kuchota maji. Nikamweleza yote. Kisha akasema, basi, iwe breki."

Iwe breki. Katika kazi yangu, pampu ikishukiwa, mtu wa kwanza kuhojiwa ni aliyekuwa ameishika. Nimewafundisha vijana wa ofisini hivyo. Na katika miaka kumi na miwili ya kukaa sebule moja na baba sikuwahi kumuuliza pedali ilishuka lini, kabla ya kona au ndani yake. Nilikuwa nimeogopa jibu, na kwa kuogopa nikawaachia wao wawili wapange.

Nilitaka kujua kama baba aliniepuka kwa sababu alinionea aibu, au kwa sababu uongo ukirudiwa kila siku humwingia hata aliyeutunga. Sikuwa na kifaa cha kupimia hilo. Kaka alisema hajui. Nadhani hapo alisema kweli.

"Utamwambia mama?" akauliza.

"Nitamwonyesha."

Mama alikuja akiwa ameshika mkono wa mke wangu. Aliangalia sakafu, meza, makopo, akasema ni safi kuliko jiko lake. Kisha akamgeukia kaka, kama alivyofanya kila mara kitu changu kilipokuwa mbele yake.

"Breki umeshazikagua?"

Kaka aliangalia mikono yake. Mke wangu akatuangalia wote watatu, akakumbuka kitu jikoni. Nilimwekea mama kiti cha chini karibu na gurudumu la kushoto, nikamshikia taa, nikamweleza kwa mfuatano uleule: mstari, jaribio la mafuta, fimbo mbili. Sikuongeza neno la kulaumu. Kila kitu alichohitaji kilikuwa mbele ya macho yake. Alivaa miwani, akainama kwa shida hadi uso wake ukakaribia nati.

"Hii ni rangi yangu," akasema.

Nilimwambia ndiyo, niliichukua bafuni.

"Niliitafuta nyumba nzima. Nikamsingizia mama yenu mdogo. Mwezi mzima hakunisemesha." Alibaki ameinama. Kisha bila kugeuka akasema, "Baba yenu alijua?"

Swali lilielekezwa kwa kaka. Kaka akajibu kwamba alijua.

Mama alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Ilichukua muda.

"Miaka kumi na miwili," akasema. "Kila nikikutaja wewe kitandani, anageukia ukutani. Nikadhani ana hasira na wewe. Nikawa sikutaji."

Alisema hayo akiniangalia mimi, na nilielewa kwamba alikuwa ananipa kipimo nilichokikosa dakika chache kabla, ingawa hakujua nilikihitaji. Sikukifurahia. Mtu mwenye hasira hugeuka, na mwenye aibu pia hugeuka.

Kaka alisimama, akasema mama amechoka, atamrudisha nyumbani. Mama akasema hapana. Akauliza kama kwenye mtaa huu teksi zinapatikana. Kaka alimwambia pikapu iko hapo mlangoni, mama akarudia swali lake kwangu kwa maneno yaleyale. Nikapiga simu. Tulisubiri watatu, hakuna aliyekaa. Teksi ilipopiga honi mama alipita karibu na gari, akaweka kiganja juu ya pua ndefu ya gari hilo, akakiondoa.

"Najua kwa nini ulilitaka," akaniambia. "Likipona, endesha. Lakini usije nalo kwangu."

Nilimfungulia mlango wa teksi. Niliporudi kaka alikuwa bado amesimama mahali pale pale, mbele ya gari. Alinyoosha mkono kuichukua fimbo nyembamba, nikamwambia aiache. Akaiacha. Akaondoka bila kuaga, na nilisikia pikapu ikiwaka kwa jaribio la tatu.

Breki za gari hili zinashika. Nimezipima zote nne, na ya mbele kushoto nimeifungua, nikaisafisha na kuifunga tena kwa nati ileile. Lakini mchana ule sikufanya kazi nyingine zaidi ya kuweka vitu kwenye makopo. Nilichukua fimbo nyembamba, nikaandika lebo, nikaibandika, nikaliweka kopo rafuni mahali pake. Nilipokuwa nazima taa nikaisoma tena. Nilikuwa nimeandika KUSHOTO. Nikaangalia miguu yangu. Nilikuwa nimesimama mbele ya gari, pale alipokuwa amesimama kaka.

Niliibandua, nikaenda kuketi kwenye kiti cha dereva, nikaiandika upya.